UZI: Kulanti ya IST, Vitz, Raum na wenzao. Acha kuuliza rangi, soma kopo

Spana13 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Swali la kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini), "niweke ya kijani au ya pinki?", halikauki humu, na kila likiulizwa majibu yanapigana. Tuliweke sehemu moja. Nitajikita kwenye injini ya 1NZ-FE, ile cc 1,500 ya IST, Vitz, Raum, Probox na Fielder, kwa kuwa ndiyo iliyojaa barabarani. Wenye Subaru na Volkswagen wavumilie kidogo.

Tuanze kwa kuizika rangi. Rangi ni wino tu. Kiwanda hutia wino ili uvujaji uonekane na ili mtu asidhani ni maji. Hakuna kanuni ya dunia inayosema kijani ni nini na pinki ni nini. Pinki ya Toyota ina fosfati na haina silikati. Pinki ya G12 ya Volkswagen haina fosfati wala silikati. Na pinki ya kopo lisilo na maelezo kwenye duka la spea inaweza kuwa chochote, hata maji ya bomba yaliyotiwa rangi.

Ndani ya kopo halali kuna glaikoli (mara nyingi ethilini glaikoli), maji, na dawa za kulinda chuma. Dawa ni asilimia chache tu ya ujazo, lakini ndizo zinazotofautisha kopo na kopo. Zile za mtindo wa zamani hutegemea silikati na fosfati: hutanda haraka kwenye kila chuma, kisha huisha, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka 2 hivi. Baadaye zikaja za asidi za kikaboni, ambazo hazitandi kila mahali bali hushika pale kutu inapotaka kuanza. Hizo hudumu miaka 5. Halafu kuna mchanganyiko wa mitindo miwili, na hapa Japani na Ulaya walipishana njia. Ulaya waliikimbia fosfati kwa sababu maji yao mengi yana kalsiamu, na fosfati ikikutana na kalsiamu hujenga ukoga mgumu kama ule wa kwenye birika. Wajapani wakaikimbia silikati kwa kuhofia kusagika kwa sili (vizuia uvujaji) za wota pampu, ile pampu inayozungusha maji, wakabaki na asidi za kikaboni pamoja na fosfati.

Kwa hiyo kwa Toyota kitu cha kutafuta kwenye kopo ni maneno haya, ambayo kitabu cha gari chenyewe kinayataja: msingi wa ethilini glaikoli, isiyo na silikati, isiyo na amini, isiyo na nitraiti, isiyo na borati, teknolojia ya mchanganyiko wa asidi za kikaboni ya muda mrefu. Kopo likiwa na maelezo hayo, hata kama si la Toyota na hata kama rangi ni bluu, weka. Ukikuta limeandikwa "kwa magari yote" bila kusema lina nini ndani, lirudishe rafuni.

Toyota wenyewe wana mbili. LLC (kulanti ya muda mrefu) nyekundu huuzwa nzito, unachanganya na maji mwenyewe, na hubadilishwa kila km 40,000 au miaka 2. SLLC (ya muda mrefu zaidi) ya pinki huja imeshachanganywa nusu kwa nusu. Vitabu vyao huipa km 160,000 ikiwa ni ile iliyotoka nayo kiwandani, kisha kila km 80,000. Ila gari iliyofika bandarini ikiwa na miaka 15 haina tena kulanti ya kiwandani ya kuhesabia. Ihesabu kuwa haijulikani, ibadilishe.

---

MzeeWaGereji

Mwanangu umeeleza vizuri, lakini nikuulize. Dar es Salaam hakuna barafu. Kulanti ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji, maji yao yasigande yakapasua bloku (mwili wa injini). Sisi theluji iko wapi? Na kitu kingine: maji matupu yanabeba joto kuliko kulanti. Hilo si la kubishania, ni fizikia. Land Cruiser za zamani zimetembea kwa maji miaka na miaka.

---

Binti_Gia

Shikamoo Mzee wangu. La joto uko sahihi kabisa: kwa ujazo ule ule, maji matupu hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Ndiyo maana kwa hali yetu hakuna haja ya kupanda juu ya asilimia 50, na ukimimina nzito tupu bila maji unaiharibia injini upoozaji wake. Kuna watu hufanya hivyo wakidhani wanaipenda gari.

Ila kuganda ni kazi moja tu kati ya kazi za kulanti. Land Cruiser hizo za zamani zilikuwa na bloku ya chuma cha kuyeyusha, na rejeta ya shaba iliyochomelewa. Zilipata kutu, lakini zilikuwa na nyama ya kuliwa. 1NZ-FE ina bloku ya alumini, hedi (sehemu ya juu ya injini, juu ya bloku) ya alumini, na rejeta ya alumini yenye matanki ya plastiki. Alumini ya rejeta ni nyembamba. Maji yenye chumvi hayaili sawasawa, huitoboa kwa vishimo. Unakuta rejeta ina tundu moja la sindano na sehemu nyingine zote nzima.

Pia kuna sili ya wota pampu. Inapoozwa na kulainishwa na kinachopita humo. Kwa maji matupu yenye mchanga wa kutu, sili hukwaruzika, kisha tundu dogo chini ya pampu linaanza kudondosha.

Kiwango ninachokipendekeza Pwani: asilimia 40 kulanti, 60 maji. Chini ya theluthi moja dawa zinakuwa chache mno kulinda chuma. Wajapani wenyewe kwenye mikoa yao yenye joto hutumia LLC kwa asilimia 30, lakini wao wanabadilisha kwa wakati.

---

Mlimani1700

Salamu kutoka Nairobi. Niongeze jambo la mwinuko ambalo ndugu zetu wa Pwani hulisahau.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila mita 300 ukipanda, toa kama nyuzi 1. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, Mbeya vilevile. Maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94. Sasa kumbuka feni nyingi za umeme huwaka kati ya nyuzi 93 na 98. Kama mfuniko wa rejeta umekufa na ndani ni maji matupu, gari inaweza kuchemka kabla feni haijapata sababu ya kuwaka. Fundi atabadilisha feni, atabadilisha sensa, na kosa ni mfuniko wa bei ya chakula cha mchana.

Mfuniko mzima wa 1.1 (namba ya presha, imeandikwa juu yake, nyingine ni 0.9) hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120. Ukiwa na mchanganyiko wa nusu kwa nusu unapanda zaidi, kama 128. Hizo nyuzi za nyongeza ndizo unazozihitaji ukiwa kwenye foleni au mlimani. Nunua mfuniko wenye namba ile ile iliyokuwepo. Kuweka wa 1.3 kwenye rejeta ya miaka 18 ili "iwe na nguvu" ni kuialika ipasuke pale plastiki inapobanwa kwenye alumini.

---

kopo_la_akiba

Wakuu nimefuatilia. Swali: IST, maji ya kwenye rejeta yana rangi ya kutu, kama chai. Haipandi joto. Nimwage tu niweke kulanti, au kuna hatua?

---

Binti_Gia

Kuna hatua ndugu yangu, ukimwaga na kujaza tu utakuwa umepaka rangi juu ya tope.

Gari iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto hata kidogo: presha ikitoka ghafla, maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Weka beseni chini, legeza kizibo cha plastiki kilicho chini ya rejeta. Ni cha plastiki, tumia vidole, ukitumia koleo utakikata. Fungua mfuniko wa juu ili maji yatoke haraka. Vua kopo la akiba (lile la plastiki lililounganishwa na rejeta kwa mpira) ulioshe kwa brashi, maana tope lote la miaka hukaa humo na likibaki litarudi kwenye rejeta siku ya kwanza tu.

Funga kizibo, jaza maji masafi. Washa gari, weka hita kwenye joto la mwisho ili njia ya rejeta ndogo ya hita nayo ioshwe. Subiri hadi mpira wa chini wa rejeta upate joto, hapo themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite rejeta) imefunguka. Iache dakika 10, zima, subiri ipoe. Hapa ndipo watu hukosa subira wakamimina maji baridi kwenye injini ya moto, hedi ikapinda. Mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwa rangi ya chai tegemea mara 3 au 4.

Kama kuna ukoga mgumu, tumia dawa ya kusafishia mfumo wa kupooza iliyoandikwa kuwa salama kwa alumini, kwa muda ulioandikwa na si zaidi. Siki, sabuni ya unga, magadi na dawa za kuzibua mabomba ya choo: hapana. Hasa hizo za mabomba, huyeyusha alumini.

Mzunguko wa mwisho fanya kwa maji yaliyotolewa chumvi, siyo ya bomba.

---

Spana13

Naongezea kwa Binti_Gia kwenye jambo linalowaangusha hata mafundi wazuri. Ukifungua kizibo cha rejeta, maji yote hayatoki. Bloku na hita hubaki na kama lita 1.5 hadi 2. Kuna kizibo cha bloku nyuma ya injini lakini kufikika kwake ni shughuli, wengi hawakigusi.

Sasa fanya hesabu. Mfumo wa gari hizi hubeba kama lita 5 (hakikisha kwenye kitabu, hutofautiana kwa modeli). Umeshaosha kwa maji, ndani kumebaki lita 1.7 ya maji matupu. Ukijaza lita 3.3 za kulanti iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu, glaikoli yako ni lita 1.65 kati ya 5, yaani asilimia 33. Umelipia 50, umepata 33.

Baada ya kuosha, tumia nzito. Kwa lita 5 unataka asilimia 40, basi mimina lita 2 za nzito kwanza, kisha maliza na maji hadi ijae. Yale yaliyobaki kwenye bloku yanaingia kwenye hesabu yenyewe.

Na kama mfumo una kulanti dhaifu lakini safi, huna haja ya kumwaga yote. Mfano lita 5 zenye asilimia 20, unataka 40: toa lita 1.25, rudisha lita 1.25 za nzito. Zinazobaki lita 3.75 zina glaikoli lita 0.75, jumlisha 1.25 unapata 2. Hiyo ndiyo asilimia 40.

Kutoa hewa: pandisha pua ya gari kwenye mwinuko kidogo, hita joto la mwisho, jaza polepole huku ukiminya mipira ya juu na chini kwa mkono. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri inavyoshuka. Hita ikitoa upepo wa moto injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), hewa imetoka. Ikitoa upepo baridi huku injini ni ya moto, bado kuna hewa au rejeta ya hita imeziba. Funga, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima, kesho asubuhi angalia tena. Karibu kila mara inadai kidogo.

---

Nyota_Kusini

Maji gani hayo "yaliyotolewa chumvi"? Mimi niko Dodoma, maji ya huku tukichemshia chai sufuria inabaki nyeupe. Nikiyachemsha kwanza nikayachuja si yanafaa?

---

Mlimani1700

Hayafai. Kuchemsha huangusha sehemu tu ya kalsiamu (ndiyo huo weupe wa sufuria), lakini chumvi ya kloridi inabaki yote, tena inakuwa kali zaidi kwa kuwa maji yamepungua. Kloridi ndiyo adui mkubwa wa alumini. Na kwa kuwa kulanti ya Toyota ina fosfati, kalsiamu iliyobaki itaigandisha dawa badala ya kuiacha ifanye kazi. Unapoteza huku na huku.

Nunua maji ya betri. Soma chupa vizuri: kuna maji safi ya kuongezea betri na kuna asidi ya betri, na madukani zinakaa rafu moja. Asidi ukiitia kwenye rejeta hutahitaji kusoma uzi huu tena. Kama hakuna, maji ya mvua yaliyokingwa wazi baada ya mvua kunyesha nusu saa hivi, si yaliyopita kwenye bati lenye kutu, yanakaribia. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi nyingi lakini hubeba vumbi na uchafu wa mapezi. Ya dharura, si ya kujazia mfumo mpya.

Ya kisima cha Dar yenye ladha ya chumvi usiyasogeze karibu na boneti.

---

MzeeWaGereji

Haya nimekubali la alumini. Ila mbona hamjasema la themostati? Gari ikichemsha kitu cha kwanza ni kuing'oa, maji yazunguke bure. Gari nyingi zinapona.

---

Binti_Gia

Mzee wangu hapo tutapishana kwa heshima zote.

Themostati ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiing'oa, injini inazunguka na maji ya nyuzi 60 hadi 70, hasa barabara kuu usiku. Kompyuta inaona injini haijapata moto, inaendelea kumwaga mafuta mengi kama ya asubuhi. Petroli inaenda, oili inabeba unyevu na petroli isiyoungua, inakuwa tope chini ya mfuniko wa kujazia oili. Kisha mwenye gari analalamika IST inakula.

Tena kuna themostati zenye kisahani cha pili kwa chini, ambacho huziba njia ya mkato pale ile ya rejeta inapofunguka. Ukiing'oa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inarudi injini bila kupita rejeta. Yaani umeing'oa ili ipoe, na kwenye mlima inachemsha zaidi.

Kuipima ni rahisi kuliko kubishana. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kwenye 80 hadi 84, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau mm 8.5. Ikichelewa au ikibaki wazi ikipoa, tupa. Ukifunga mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakopitia. Mpira wake wa mduara uwe mpya.

---

kopo_la_akiba

Shukrani. Na nitajuaje kulanti ya dukani si maji ya rangi? Maana makopo yote yana picha ya theluji.

---

Spana13

Vipimo viwili vya nyumbani.

Friza ya kawaida hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka kikombe kimoja cha kulanti iliyochanganywa tayari, mfuniko umefungwa, mbali na chakula, usiku mzima. Ya nusu kwa nusu ya kweli haigandi hapo, inabaki majimaji mazito. Ikiwa theluji laini iliyovunjika, glaikoli iko kama theluthi. Ikiwa jiwe, umenunua maji ya rangi.

Cha pili mizani ya jikoni. Lita moja ya maji ni kilo 1. Lita moja ya nusu kwa nusu ni kilo 1.06 hadi 1.08. Nzito hufika 1.11 na kuendelea. Pima kwa chombo kile kile ukilinganisha na maji.

Mjanja anaweza kudanganya mizani kwa chumvi na friza kwa spiriti, kwa hiyo fanya vyote viwili: spiriti huifanya iwe nyepesi, chumvi huifanya iwe nzito lakini haiwezi kuvuka friza kirahisi. Na kumbuka vipimo hivi, pamoja na rifraktomita ya gereji, vinapima glaikoli tu. Havisemi lolote kuhusu dawa. Glaikoli haichakai upesi; dawa ndizo zinazochakaa. Kulanti ya miaka 8 inaweza kukataa kuganda na wakati huo huo inakula rejeta.

Kwa dawa, tumia karatasi za pH. Ikishuka chini ya 7 imegeuka asidi, imwage leo. Kuna pia kipimo cha voltimita: ncha ya hasi kwenye hasi ya betri, ncha ya chanya itumbukie kwenye kulanti ya rejeta bila kugusa chuma, injini inaunguruma. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, ama kulanti imechoka, ama kuna waya wa bodi uliolegea na umeme unatafuta njia kupitia maji. Washa taa na feni moja moja uone kipi kinaipandisha, utamjua mwizi.

---

Wifi_wa_Raum

Raum inapungua maji kama nusu lita kwa wiki, chini hakuna tone. Fundi anasema "inakunywa, ni kawaida ya gari za zamani". Ni kweli?

---

Binti_Gia

Si kweli dada. Mfumo umefungwa, maji hayana ruhusa ya kupungua hivyo. Fuata mpangilio huu, wa bei nafuu kwanza.

Mfuniko. Ukiona mpira wake umepasuka au umekakamaa, badilisha. Una vali mbili: moja ya kutoa presha, ya pili ya kunyonya kutoka kopo la akiba gari inapopoa. Ya pili ikifa, kopo linajaa kila siku na rejeta inakauka, na ukiikuta asubuhi mpira wa juu umebonyea kama chupa iliyonyonywa.

Wota pampu. Mulika tochi chini ya puli yake. Ukoko wa pinki au mweupe uliokauka ni uvujaji unaokauka na joto la injini kabla haujafika chini.

Maungio ya mipira, na mshono wa plastiki na alumini pande za rejeta. Ukoko tena.

Hita. Zulia la abiria likiwa na unyevu wa kunata na kioo cha mbele kikishika ukungu wenye harufu tamu, rejeta ya hita imetoboka. Usiuchanganye na maji ya kiyoyozi, hayo hayanati wala hayanuki.

Vyote vikiwa salama, nenda gasketi ya hedi (ile inayokaa kati ya hedi na bloku). Pampu ya kupima presha ifungwe penye mfuniko, ijazwe hadi 1.1, ikae dakika 10 bila sindano kushuka. Kisha kuna kile kipimo cha dawa ya bluu juu ya mdomo wa rejeta: hewa ya moshi ikipita inageuka njano. Dalili za mkono: mpira wa juu kuwa mgumu dakika 2 baada ya kuwasha gari baridi, viputo visivyoisha, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Kama ni gasketi, hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Upande unaokaa kwenye bloku hauruhusiwi kupinda zaidi ya mm 0.05. Kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kulipia kazi mara mbili.

---

MzeeWaGereji

Hapo kwenye kuvuja nami niseme. Msimimine bizari, ute wa yai wala dawa za kuziba rejeta. Vinaziba tundu, ni kweli, na vinaziba rejeta ya hita na mirija myembamba pia. Vijana mnayo rejeta ya mirija isiyozidi milimita 2, si ile ya lori la zamani. Dawa ya kuziba ni ya kukufikisha mjini, kesho yake uoshe mfumo wote.

---

Mlimani1700

Sasa zamu ya Subaru na Volkswagen kama ulivyoahidi Spana, maana huku kwetu Forester na Golf ni nyingi.

Subaru: ya bluu ya kwao, asidi za kikaboni na fosfati, haina silikati. Ukiikosa, ya Kijapani yenye maelezo yale ya Toyota inafaa kuliko ya kijani ya mtindo wa zamani. Kutoa hewa ndiyo mtihani: rejeta ina skrubu ya plastiki juu upande wa pili wa mfuniko, ifungue wakati wa kujaza, funga maji yakianza kutoka bila viputo. Injini imelala chini, hewa hupenda kujificha kwenye hedi.

Volkswagen: soma namba ya TL 774 (kiwango chao wenyewe cha kulanti), si rangi. G12++ ni TL 774-G, G13 ni TL 774-J, na G12 evo ni TL 774-L. Mpya inaweza kujazia kwenye ya zamani, lakini usichanganye na G11 ya bluu-kijani. Mchanganyiko ukigeuka kahawia, osha mfumo wote. Angalia pia kopo lake: modeli kadhaa zina kifuko cha silika ndani. Kikipasuka kwa uzee, chembe zake huenda kuziba hita. Mercedes kadhaa nazo zina kifuko hicho.

---

Spana13

Na wenye Aqua (Toyota ya mseto, petroli na umeme): kuna mifumo miwili tofauti ya kupooza, wa injini na wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota), kila mmoja na kopo lake. Ukibadilisha mmoja hujabadilisha mwingine. Wota pampu ya injini ni ya umeme, haina mkanda, kwa hiyo kutoa hewa kwa kuinguruma tu hakutoshi kama pampu haizunguki. Upande wa inveta, gari ikiwa imewashwa utaona maji yanacheza kwenye kopo. Yakitulia tuli, pampu ndogo imekufa, zima kabla inveta haijafuata.

Malori yenye slivu (mirija ambamo pistoni hutembea) zinazoguswa na maji, kama Scania, hayo ni hadithi nyingine: slivu hutetemeka, viputo hupasuka juu yake na kuitoboa kwa nje. Yanahitaji kulanti ya dizeli nzito yenye dawa ya kuzuia hilo. Kulanti ya IST usiipeleke huko hata kama imebaki nusu dumu.

---

Wifi_wa_Raum

Ahsanteni. Niliyomwaga niiweke wapi?

---

Binti_Gia

Si mfereji na si uani dada. Ethilini glaikoli ni tamu. Mbwa, paka na watoto huinywa. Kiasi kama mililita 100 kinaweza kumuua mtu mzima, kwa mtoto ni kidogo zaidi ya hapo, na dalili za mwanzo hufanana na ulevi kisha figo zinafeli. Mtu akiinywa, hospitali mara moja, na ubebe kopo waone ni nini. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, iandike SUMU, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu, itenganishwe na oili. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda.

---

kopo_la_akiba

La mwisho wakuu. Safari ya Mbeya, niko katikati ya mlima Kitonga, taa nyekundu ya joto inawaka. IST haina geji, ni taa tu. Nifanye nini?

---

Spana13

Zima kiyoyozi, fungua hita joto la mwisho na upepo wa mwisho, fungua vioo. Tafuta pembeni pa usalama usimame. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, iache iungurume, feni izunguke. Ikimwaga maji, zima papo hapo. Boneti wazi, saa nzima au zaidi bila kugusa mfuniko. Ukiweza kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuachia, na ukiuminya hauna presha, ndipo ufungue kwa kitambaa, polepole.

Jaza maji yoyote safi uliyonayo, ya kunywa yanafaa, kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Ukishafika, hayo ni maji ya dharura: mwaga, rudi kwenye hesabu ya asilimia 40.

Kwa kuwa gari yako haina geji, nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari kwa simu. 80 hadi 95 ni kawaida, 100 anza kuwa macho, 105 punguza mwendo na uzime kiyoyozi. Taa nyekundu ikisubiri kuwaka yenyewe, umechelewa. Na usomaji ukiporomoka ghafla wakati gari inapanda mlima, usifurahi: huenda maji yameisha na sensa imebaki hewani, haina cha kupima. Simama hapo hapo.